Alama ya Piko Kidoleni mwa Naim

Nduta, usipige simu, nikiongea nitalia. Natoka wodi ya watoto hapa Kitale.

Naim wa kaka yangu hajaamka tangu jana. Ni surua! Vipele vilikuwa vinapotea, tukasema amepona, mara degedege. Daktari anasema ubongo umevimba. Ati hutokea kwa nadra sana. Basi hongera kwetu.

Halafu akauliza, "Mtoto alichanjwa?"

Wifi yangu Nasro, bila kupepesa macho: "Alichanjwa, daktari. Hata kidole walimtia alama."

Alama ilikuwepo, kweli. Niliichora mimi! Watu wa chanjo walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Matisi, Nasro alinijia: "Wifi, si una mkono mzuri? Mchoree ile alama yao, wasimdunge." Nilikuwa na piko, ile rangi nyeusi, iliyobaki nilipompamba bibi harusi, nikachora. Wakaja, wakaona kidole, wakamsifu Naim kwa ujasiri wake. Ujasiri, bana! Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Leo nikamwambia daktari, "Hakuchanjwa. Nilimchora mimi."

Nasro akaniangalia. "Wifi, umeniuza."

Daktari hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliandika tu, kisha akauliza, "Kuna watoto wengine uliowachora?"

Nduta, wapo wawili, dada zake Naim. Wako nyumbani na mama yangu, na Nasro ameshampigia simu awafiche. Mimi nimeshafika geti la hospitali. Nawafuata, niwalete wachanjwe.