Miguu Niliyoichora Ukutani

Jumatano usiku. Leo ukungu uliondoka mapema juu ya mashamba ya ngano, na moyo wangu uliamka kabla yangu. Furaha ya namna hii sikuitarajia katika umri wangu.

Kwa miaka mingi nimekula kwa brashi. Nimechora malaika makanisani, na tangu Wazungu waanze kuuza mashamba, nimefuta majina yao kwenye mabango ya malango na kuandika ya vyama vyetu vya ushirika vilivyoyanunua. Lakini kazi yangu inayojulikana zaidi ni ukuta wa kanisa letu hapa Sugoi: wacheza ngoma wakiungua motoni, njuga miguuni. Wamisionari waliniagiza niwaonye watu, nami nikawaonya.

Jana Mama Rebeka, mwalimu mkuu wa shule yetu, aliniita. Watoto watacheza ngoma mjini Eldoret siku ya sherehe za Uhuru, na kamati ya shule inatafuta mwalimu wa ngoma wa kudumu. Sisi tuliobatizwa tuliiacha ngoma. Watoto wetu hawakuiona kamwe. Mama Rebeka akawaamuru watoto waanze, nitazame.

Nilishika mdomo. Hatua zilikuwa sahihi kabisa. Lakini kila mtoto alikunja uso kwa uchungu, akainua mikono kama anayeomba maji.

"Nani amewafundisha?" niliuliza.

"Ukuta wako, Mzee. Wametazama pale kila Jumapili."

Nilicheka hata nikaketi kwenye nyasi. Kisha nikatambua miguu ile ni ya nani.

Ni yangu.

Nakiri hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kabla ya ubatizo, hakuna wa rika langu aliyenishinda katika ngoma. Nilipowachora wenye dhambi, sikuwa na miguu mingine ya kuiga ila niliyoikumbuka. Nilidhani nimeizika. Mama Rebeka aliponiomba niwe mwalimu wao, nilikubali.

Asubuhi hii nilikwenda kwa mchungaji, tayari kukiacha cheo changu cha mzee wa kanisa iwapo angenikataza. Sikutaka kufundisha kwa kujificha. Nilimweleza yote mbele ya ukuta ule, naye akamtazama mchezaji mmoja mmoja.

"Mzee," akasema, "ngoma hii wamejifunza wakiwa ndani ya kanisa. Sasa nimfukuze nani?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana. Mke wangu aliponisikia, alisonga ugali bila kugeuka.

"Magoti yanayolia ukiinama kusali, ndiyo utakayorukia?"

"Ndiyo hayo hayo, Mama."

Akacheka. Tangu tuoane sikuwahi kumwonyesha hata hatua moja. Jioni hii nimemwonyesha tatu.

Bango la shamba jipya nililopewa kuandika nimelirudisha tupu kwa wenyewe. Brashi nimezisafisha na kuzifunga kwenye gunia. Nilidhani nitahuzunika.

Ee Bwana, uliyenipa miguu hii kabla hujanipa brashi, uwe nami uwanjani. Hatua watoto wanazijua tayari.

Kesho nitaanza na nyuso.