Zamu ya Jicho la Kushoto

Jumanne, jioni. Mawingu yamejaa upande wa ziwa lakini mvua haishuki. Hapa Obunga kuna joto la kuchosha. Kitabu nilichoazima shuleni kiko kifuani mwangu na sijakifungua.

Baba amekataa kurudi kliniki.

Wiki iliyopita alidungwa dawa ya steroidi kando ya jicho la kulia, maana kisukari kimelivimbisha kwa ndani. Tangu hapo sukari yake iko juu kila asubuhi. Mama alianza kuionja chai ya Baba, akishuku ameitia sukari. Jana shangazi alikuja kutoka Awasi, akaangalia namba kwenye kipimo cha sukari cha Baba, akacheka.

"Ndugu yangu, kwetu miwa imebaki shambani, ama uliimaliza yote?"

Baba alisukuma ugali kando, akalala njaa. Huyu ni mtu ambaye hajaweka sukari kwenye chai tangu nikiwa darasa la nne.

Mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Nilimsikia daktari akisema dawa hiyo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, tupime, na ikizidi turudi wabadilishe dawa zake. Baba alikuwa ameshika bandeji, nadhani hakusikia. Mbele ya watu huwa sauti yangu inakwama, lakini jana niliongea. Nilisema si miwa, ni sindano.

Shangazi alikirudisha kipimo mezani. Mama akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilijisikia nina maana katika nyumba hii.

Kisha Baba akasema polepole, "Kumbe ni sindano. Basi sidungwi tena."

Alhamisi ni zamu ya jicho la kushoto. Leo nimemweleza tena na tena kwamba sukari itashushwa, lakini jicho likiachwa huenda lisione tena. Anasema, "Atieno, wewe soma vitabu vyako."

Nilimtetea, na utetezi wangu ndio sababu anayoishikilia.

Baba husoma neno kanisani. Kila wiki mimi humnakilia somo la Jumapili kwa kalamu nene, nyuma ya kalenda za zamani. Mwanzoni karatasi moja ilitosha. Leo ametoa kalenda tatu chini ya kitanda.

"Andika kubwa zaidi," amesema. "Mstari mmoja, karatasi moja."

Nimeandika. Wino umeisha kabla ya mstari wa mwisho.

Sijui nikanunue kalamu nyingine, au niiache karatasi ya mwisho tupu mpaka Alhamisi ipite, labda akiikosa atakubali kwenda.