Ndugu Yangu Aliomba Nikataliwe

Chuoni, Marekani
Mwezi wa Machi

Kwa ndugu yangu mkubwa Makori,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua. Mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima akapaza sauti mpaka mabati yakaitika hawezi kuwa na kifua kibaya. Hali yangu nitakueleza, maana inakuhusu. Mama ndiye ninayemuuliza kwa dhati: miguu inaendeleaje, na je, bado anashuka mtoni mwenyewe? Shemeji Kwamboka na watoto nawauliza pia. Hata chai iliyo shambani naiulizia, kwa sababu haijanikosea kitu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kikisii kama siku zote. Sijasahau lugha ya nyumbani. Nataka ukimaliza kuisoma barua hii umpe mchungaji wenu, naye aisome. Yeye si Mkisii, na jambo langu alilisikia kwa tafsiri yako. Sasa alisikie bila mkalimani.

Habari nilizipata kwa Nyabuto, yule kijana wa Nyansiongo anayesomea kilimo katika jimbo la jirani. Alinipigia simu Jumapili, nikaitwa kutoka chumbani mbio, nikidhani kuna msiba. Kumbe mwenzangu anacheka.

"Momanyi, ndugu yangu, Mungu umemkosea nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Mama yangu ameniandikia. Alienda kuabudu huko kwenu Sabato moja. Mzee wa kanisa akasimama, akasema ako na mdogo wake Amerika, ameomba nafasi kwa vyuo vinne asomee mambo ya uragori. Akasema watu wafunge mpaka jioni, Mungu afunge hiyo milango yote, urudi nyumbani. Na watu wakafunga, bwana! Hata mama yangu amefunga, na yeye ni mtu wa vidonda vya tumbo."

"Mzee gani huyo?"

"Si ni Makori wenu?"

Nilikata simu bila kumuaga, na Nyabuto hana kosa.

Uragori! Makori, omoragori tunamjua wote. Ni yule mama mpiga ramli anayekuangalia usoni na kukutajia jirani aliyekuroga. Mimi nimeomba kusoma saikolojia, elimu ya akili na moyo wa mtu, jinsi vinavyoumia na jinsi vinavyoweza kupona. Nilikueleza haya yote katika barua yangu ya Desemba, ukurasa mzima, kwa Kikisii chepesi ambacho hata mwanao wa kwanza angekielewa. Kwa hiyo usiniambie hukuelewa. Ulielewa vizuri kupita kiasi, ndiyo maana ukakimbilia madhabahuni.

Acha nikueleze mtu anavyongoja, kwa kuwa wewe uliomba kwa mchana mmoja tu na mimi nimengoja tangu Januari. Hapa bwenini kila mwanafunzi ana kisanduku chake cha barua chenye mlango wa kioo. Ukiinama unaona kilichomo. Wenyeji wamenifundisha kusoma bahasha kwa unene. Ikiwa nene, ndani kuna fomu za kujaza, na maana yake ni karibu. Ikiwa nyembamba, ndani kuna karatasi moja, na maana yake ni pole. Nachungulia kabla ya chai ya asubuhi, nachungulia nikitoka darasani, nachungulia nikitoka jikoni ninakoosha vyombo, mikono ingali inanuka sabuni. Nimeanza kumchukia mzee anayegawa barua, na kosa lake ni kupiga mluzi tu. Mwenzangu wa chumbani alipata yake nene mapema, akaimba bafuni hadi nikatamani maji yakatike akiwa na povu machoni. Sikuwa mtu wa namna hii. Kungoja kumeniharibu tabia.

Jibu la kwanza lilikuja kabla ya simu ya Nyabuto, jembamba. Nililimeza. Baada ya simu nikajiambia, dua la kuku halimpati mwewe. Wiki haikwisha, la pili likaja, jembamba. Likafuata la tatu, na hilo sikuhitaji hata kuinama. Sasa sijui tena kuku ni nani na mwewe ni nani. Mtu aliyesoma hapaswi kuamini kwamba watu wenye njaa huko kwetu karibu na Ikonge wanaweza kumshika mkono profesa wa Marekani asitie sahihi. Siamini. Lakini nikiwa naosha sahani nawaona mmepiga magoti, wewe mbele, hasira inanipanda mpaka kichwani. Vikombe nimevunja, na msimamizi wa jikoni ameniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo, naumwa ndugu.

Limebaki jibu moja.

Sasa tuseme lile ambalo hukulisema kanisani. Nilikuambia katika barua ile kwamba vyuo vyote vinauliza swali moja: kwa nini unataka kusoma jambo hili? Na nilikuambia kwamba nimewajibu kwa habari za dada yetu Moraa. Hapo ndipo palipokuchoma. Kabla ya hapo ulikuwa ukiniita daktari mtarajiwa, hata ulimwambia karani wa kituo cha majani ya chai.

Mchungaji, kama umefika hapa, Moraa ndiye yule dada asiyesema, anayelala katika jiko la Mzee Makori, na mlango unafungwa kwa nje. Umeambiwa ana pepo. Umemwekea mikono, ukamwombea, nakushukuru kwa nia yako. Lakini hukuambiwa alianzaje kunyamaza.

Aliolewa Nyansiongo, na mtu aliyepata shamba wazungu walipoondoka. Mtu huyo alikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na walipoingia bomani kwetu kama mahari Makori alitembea kijiji kizima akisimulia viwele vyao. Kisha ng'ombe hao hao wakaenda kwao Kwamboka, na Makori akapata mke. Hapo simlaumu. Ndivyo wanaume wa kwetu walivyooa siku zote: dada anaolewa, kaka anaoa. Lakini mila hiyo hiyo ina upande wa pili, Makori, na wewe unapenda kuusahau. Mwanamume aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake ana deni la heshima lisiloisha. Dada huyo akija, anapewa kiti kizuri na uji wa kwanza. Nyumba uliyonayo, mke uliye naye, watoto wanaokuita baba, vyote vilipita mikononi mwa Moraa kabla ya kufika kwako.

Yeye alipokuja, ulimpa nini? Mara ya kwanza alifika jioni na mkono umevimba. Asubuhi ukamrudisha. Mara ya pili alifika akichechemea, Mama akalia, ukasema mwanamke mvumilivu hula mbivu, ukamrudisha. Mara ya tatu nilikuwa likizo, nikasimama mlangoni kukuzuia. Unakumbuka ulichoniambia?

"Momanyi, toka hapo. Huyu akibaki, ng'ombe watadaiwa. Na ng'ombe wako wapi? Unataka Kwamboka arudi kwao na mtoto mgongoni?"

Moraa alikusikia. Aliinuka mwenyewe, akafunga kitambaa chake, akatangulia mbele yako njiani. Tangu siku ile hajasema neno. Mumewe alipomrudisha mwenyewe akisema mtu wenu amekuwa jiwe, ndipo pepo likazaliwa. Pepo lilikufaa sana. Mtu akiwa na pepo, nani atauliza ni nani aliyemrudisha mara tatu?

Hayo ndiyo niliyowaandikia wale maprofesa. Jina lako sikulitaja, wala la Moraa, wala la kwetu. Nilisema tu kwamba ninamjua mwanamke aliyenyamaza kwa sababu mara zote tatu alizokuja kusema alirudishwa, na nataka kujifunza jinsi ya kumketisha mtu kama huyo, nimsikilize hata kama hasemi. Waliniuliza sababu. Sina nyingine. Wewe ukaona nimekuvua nguo ugenini, ukaenda kumwomba Mungu akufunike. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na usidhani nimesahau mema yako. Baba alipofariki wewe ndiye uliyeacha shule, ukachuma majani kwenye baridi ili mimi nivae sare. Ulinibeba mabegani tukivuka mto wakati wa mafuriko, na viatu vyangu ulivishika kwa meno. Ndiyo maana naumia hivi, Makori. Nimeumia kuliko nilivyoumia Baba alipokufa, kwa sababu Baba hakukusudia.

Naiacha hapa. Nikipata jibu la nne nitaongeza, ujue kama mfungo wenu ulitosha.

Alhamisi

Limekuja. Mgawa barua alikuwa akipiga mluzi kama kawaida. Nilisimama mbele ya kisanduku nikawaacha wenzangu wapite wote, kisha nikainama.

Jembamba.

Nililifungua hata hivyo, kwa sababu mtu haachi kutumaini kwa kuona bahasha tu. Wanasikitika. Waombaji walikuwa wengi na nafasi chache. Wananitakia mema. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu la kuazima, theluji chafu mbele yangu, nikalia kama mtoto, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia. Sijui kwa nini iwe wewe. Labda ni mazoea tu.

Halafu nikaenda kwa profesa wangu. Ni mama mmoja mkali, hajui kubembeleza. Alisoma majibu yote manne, akaniambia watu wengi hukataliwa mara ya kwanza, nibaki hapa mwaka mmoja, nifanye kazi, kisha niombe tena. Nikamjibu nitaomba tena, ila nitangojea nyumbani. Akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikamwambia kuna dada yangu, na kuna kanisa zima lililofunga ili nirudi. Nafikiri alidhani natania.

Kwa hiyo shangilieni. Mwezi wa sita namaliza digrii yangu, na mwezi wa saba nitakuwa njiani. Waambie waumini waliolala na njaa kwa ajili yangu kwamba haikupotea bure. Mlimwomba Mungu anirudishe, na narudi. Ila hukuniuliza, Makori, nikirudi nitafanya nini.

Nitakuambia sasa ili usije ukasema umeviziwa. Nitatafuta kazi ya kufundisha sekondari. Mwenye digrii hakosi darasa huko kwetu. Nitapanga nyumba ya vyumba viwili Nyanchwa, juu kilimani, kimoja changu na kimoja cha Moraa, na ufunguo wa chumba chake atakaa nao yeye. Akitaka kusema atasema. Akitaka kunyamaza tutanyamaza wawili. Mama akitaka kuja kukaa nasi, nitamchukua. Yule bwana wa Nyansiongo akija kudai ng'ombe, mlete kwangu, tuketi mbele ya wazee na mchungaji, kila mmoja aeleze alichofanya kwa mkono wake. Nitaanza kwa kuuliza maswali, maana hilo angalau nimejifunza. Na Kwamboka asiogope. Sitakubali arudi kwao kwa ajili ya ugomvi wetu. Katika nyumba hiyo yeye peke yake ndiye anayempelekea Moraa maji ya moto ya kuoga. Aliniambia mwenyewe asubuhi niliyoondoka, kwa sauti ya chini ili usisikie.

Msalimie Mama, umwambie nakuja na blanketi zito la miguu yake. Msalimie shemeji yangu Kwamboka, mke uliyepewa na dada yako. Salimia watoto, wasiambiwe baba mdogo amekasirika, wao sijawakasirikia. Mchungaji namsalimia kwa heshima na namwomba asinifungie tena mpaka anisikilize. Mama yake Nyabuto, ukimwona kanisani, mpe pole ya tumbo. Moraa usimsalimie. Salamu zake nitamletea mwenyewe.

Wewe pia nakusalimu, kwa sababu ni ndugu yangu na sina mwingine. Milango yangu yote minne imefungwa kama ulivyoomba. Umebaki mmoja, wa jiko, na huo hakuufunga Mungu. Nikifika nisiukute na kufuli.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mtoni,
Momanyi