Sura ya Papa Imekataa Kufunguka

Mama, Valens,

Maziwa nimeshachemusha, iko mu thermos. Naenda Kitchanga kubembeleza imprimeur atungoje, juu siku ya samedi tunaondoa matanga ya Papa na ma-T-shirt ya sura yake bado kuchapwa.

Valens, ukiamuka, clé USB yenye fichier iko chini ya thermos. Asubui nilitaka kufungua dessin yenye nilichora ya Papa na ngombe yake, machine yangu ikakataa. Inasema fichier ilitoka mu version mupya ya programme ya kuchora, na version mupya iko kwako tu, kwa ile laptop ulitoka nayo Goma. Njo kusema uliingia kwa machine yangu, ukachukua dessin, ukaichezea kwako, ukairudisha juu ya yangu. Yangu haiko tena! Fungua kwako, fanya "enregistrer sous", uihifazi upya ku clé, chagua version ya zamani, ya 2015. Usibadilishe kitu ingine. ~~Kisha funga mizigo yako urudi Goma.~~ Kisha ukule, sombe iko mu sufuria.

Sikukuamusha juu ningekupiga.

Sasa Mama. Mot de passe, ile neno ya kufungua machine, ni jina ya ile ngombe. Papa aliiuza mbele Valens azaliwe, hata hajue jina yake. Mimi na wewe tu njo tunajua ile jina. Nilikuomba mutu asiguse ile kazi mpaka samedi. Ukaniambia, "Sawa, mwanangu."

Mot de passe nimebadilisha. Musitafute jina ya ngombe ingine.

Ni mimi Umwali, mutoto yako pia.