Ubeti Wangu Kwenye Chupa Yangu

Titouan, nimejichoma kwa ulimi wangu mwenyewe!

Mama Guérineau, yule muuza chaza, alikuwa anachagua Muscadet, ile divai nyeupe, ya kuuza kibandani kwake. Chupa zote zimefunikwa vitambaa, na ya divai niliyoitengeneza mimi imo.

"Kula chaza kwanza," akaniambia. Nikamjibu kwamba fundi wa divai hahitaji chaza. Nikaonja chupa ya tatu, nikasimama, nikaghani:

"Ni maji yaliyooza, hata mbuzi hukataa,
Aliyeyatengeneza, bora angelala njaa!"

Watu hoi kwa kicheko.

Kitambaa kikafunuliwa. Yangu! Titouan, YANGU!

Mama Guérineau akanisukumia chaza mdomoni. "Kunywa sasa, mpumbavu wewe." Nikanywa. Juu ya chaza, tamu, ndugu yangu!

"Naichukua," akasema, "lakini ubeti wako nitaubandika kwenye kila chupa."

Nimekubali. Vina, angalau, havikuwa na kasoro.