Barua Isiyo na Salamu

Baraka, tarehe 4 Machi 1956

Kwa mkwe wangu mpendwa Useni, Albertville,

Pokea salamu nyingi, wewe na binti yangu Waridi na majirani wote wanaowatunza huko. Sisi hapa tu wazima. Mama mkwe wako Hawa alipata homa, ikapona, sasa amerudi kugombana na kuku wake kama kawaida. Mvua ni nyingi, mihogo imesimama vizuri. Ninyi je? Waridi anakula? Mwambie asinifiche kitu.

Mkwe wangu, kaa chini kabla ya kuendelea kusoma. Umekaa? Haya. Tangu wiki jana karakana ya Assumani ina moto wa kizungu! Yule Mzungu aliyekuwa akichimba dhahabu kule ndani, upande wa Misisi, amefunga kazi na kuuza vitu vyake, nami nimenunua vyombo vya kukatia chuma: chupa mbili ndefu, moja ya oksijeni na moja ya gesi, mipira yake, na lile bomba la shaba linalotema moto kwenye ncha. Wanaume wanne walizishusha kutoka kwenye lori. Soko zima lilisimama kutazama.

Miaka thelathini nimefua majembe kwa mivuo ya ngozi ya kupulizia moto. Kutoka hapa mpaka Kazimia tafuta shamba ambalo halijalimwa na jembe langu, hulipati. Na bado wapo wanaosema Assumani amezeeka, kazi yake itazikwa pamoja naye. Basi nimewatangazia. Siku ya Idi, tukitoka kuswali, nitakata mapipa sita ya petroli mbele ya watu wote. Ni ya akina mama wa kijiji cha Lweba, wanataka vyombo vikubwa vya kuchemshia mawese, na pipa moja likikatwa katikati linatoa viwili.

Sijawasha bado, nangojea siku yenyewe. Nati ya pale mpira unapofungwa kwenye chupa ya oksijeni ilikuwa na kutu, ikagoma kabisa. Bahati nzuri mkweo ana akili. Nimeipaka mawese mekundu ya Mama Hawa, sasa inaingia laini.

Nakuandikia ufurahi, maana wewe ndiwe fundi wa moto huo katika ukoo wetu, na utaelewa kuliko hawa wa hapa.

Mimi mkweo,
Assumani


Albertville, tarehe 19 Machi 1956

Kwa Baba Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Assumani,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na Mama Hawa, ambaye tumefurahi kusikia amepona. Sisi hatujambo. Waridi anakula vizuri, hata cha kwangu anakula. Kazi kwenye karakana ya meli inaendelea, wiki hii tunaunga mabati ya tumbo la meli iliyopasuka.

Baba, habari yako imenifurahisha mno. Nimewaambia wenzangu hapa kazini kwamba mkwe wangu sasa ana vyombo kama vyetu, wakapiga makofi.

Nisamehe kama nitasema lisilonipasa. Sisi tulio watoto katika kazi hii tunafundishwa mambo madogo madogo, na pengine kwa mtu mzima kama wewe hayana maana. Kwa mfano, mafundi wa hapa hawapendezwi sana na mafuta kwenye chupa ya oksijeni. Vilevile wengine huona vyema pipa lijazwe maji kwanza. Na wengi wetu huvaa miwani ya giza. Nakueleza tu ujue desturi za huku, uamuzi ni wako Baba, wewe uliyeujua moto kabla sisi hatujazaliwa.

Waridi anabusu mikono yenu.

Mwanao mkwe,
Useni


Baraka, tarehe 2 Aprili 1956

Kwa mkwe wangu Useni,

Salamu sana. Sisi wazima, mbuzi wazima, hata paa limeacha kuvuja. Tunasubiri mwezi wa Ramadhani, Mungu atupe nguvu. Mmeamkaje huko?

Barua yako nimeisoma mara mbili na kumsomea Mama Hawa. Akasema, "Huyu mutoto analelewa vizuri, anaandika sawa mutu anapiga magoti." Ni kweli. Namshukuru Mungu kwa mkwe mwenye adabu, siku hizi ni wachache.

Lakini desturi zenu zimenichekesha! Kwamba mafundi wa huko hawapendezwi na mafuta. Ninyi mnavaa nguo za kazi za buluu, mnaogopa kuzichafua. Mimi nafanya kazi kifua wazi, mawese yananiogopesha nini? Nimeongeza mengine, nikapaka na koki yenyewe ili siku ya Idi isinitie aibu mbele za watu. Mapipa nimeyanusa moja moja, hayana harufu ya petroli hata kidogo, yamekaa matupu juani mwaka mzima yamefungwa vizuri. Ya nini kuyajaza maji? Na miwani waachie vijana. Macho yangu yametazama moto tangu Waridi hajazaliwa.

Watu watakuwa wengi. Hata chefu, mkubwa wa eneo letu, amesema atakuja. Isidore, dereva wa lori, anajisifu kila siku kwamba aliwahi kuona moto huo ukifanya kazi, kwa hiyo nimemwambia asimame mbele kabisa aone vizuri. Mama wa Lweba nao watakaa karibu na mapipa yao.

Mkweo,
Assumani


Albertville, tarehe 17 Aprili 1956

Mzee Assumani,

Usifungue ile chupa.

Usifungue koki, hata kidogo, hata kujaribu. Usiifute hayo mawese. Usiiguse tena kwa mkono wako. Waambie watu wawili wenye mikono mikavu, iliyooshwa kwa sabuni, waitoe nje ikiwa imesimama, waifunge kamba kwenye nguzo ya kivulini mbali na moto wowote, asiikaribie mtu. Nitaleta nati mpya na koki nyingine, na chupa hiyo itarudishwa kwa wanaozijaza.

Sikusema vizuri mara ya kwanza. Niliogopa kukukosea adabu, nikaificha hatari ndani ya heshima mpaka ukaiona ni desturi ya watu wanaoogopa kuchafua nguo. Kosa ni langu. Sasa nasema.

Hewa iliyobanwa ndani ya chupa ya oksijeni ikikutana na mafuta huyawasha papo hapo. Haihitaji kiberiti wala cheche. Mafuta yoyote, ya mashine, ya kupikia, mawese. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi na kijana aitwaye Anatole, tulikula sahani moja. Siku moja alikula samaki wa kukaanga, akarudi kazini bila kunawa, akashika chupa na kufungua koki. Nilikuwa nimesimama umbali wa kutoka mlangoni hadi kitandani. Sikuona alichofanya, niliona moto tu, mweupe, umemshika mikono na uso. Aliishi siku tatu. Mimi ndiye niliyempelekea mama yake viatu vyake. Na yale yalikuwa mafuta ya vidole tu, wewe umepaka kwa kitambaa, mara mbili.

Pipa nalo usiamini pua yako. Pipa lililofungwa likakaa tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa maana mvuke wa petroli umejificha kwenye maungio, na moto ukiligusa linapasuka. Na umewaweka mama wa Lweba wakae karibu nayo! Lazima yaoshwe, kisha yajazwe maji mpaka karibu na pale pa kukata, na kifuniko kiwe wazi. Miwani si ya vijana. Moto huu si wa mivuo yako, unaunguza jicho nawe husikii.

Waridi amesimama nyuma yangu. Alisoma barua yangu ya kwanza, nakala niliyobaki nayo, akaniambia, "We uliandika kama mukwe. Andika kama fundi. Baba yangu atauawa na adabu yako."

Mkwe hamkatazi baba wa mke wake. Najua. Ninakukataza.

Useni


Albertville, tarehe 30 Mei 1956

Kwa Baba Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Assumani,

Shikamoo, Baba. Shikamoo Mama Hawa. Tunaomba kwa Mungu barua hii iwakute hai na wazima. Sisi tuko hai, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Ni siku arobaini na tatu tangu nikuandikie. Idi imepita. Meli tatu zimefika kutoka huko, kila moja nimekwenda bandarini. Juzi nimekutana na baharia wa Baraka, nikamuuliza habari za Mzee Assumani mfua vyuma. Akanijibu, "Siku ya Idi kulikuwa fujo kwake, bantu bengi, makelele mingi. Mi nilikuwa naondoka, sikuona mwisho." Nikamuuliza kama alisikia mshindo. Hakukumbuka. Waridi ameacha kula tangu jioni ile, anakaa mlangoni tu.

Kama umekasirika, Baba, una haki. Sijui mtu aliyewahi kumwandikia mkwewe bila hata kumuuliza ameamkaje. Nimeomba ruhusa nije, bosi amesema mpaka Julai. Ukinifukuza, nifukuze kwa mkono wako mwenyewe, niuone mwandiko wako. Neno moja linatosha.

Naona aibu, lakini barua ile siifuti.

Mwanao mkwe,
Useni


Baraka, tarehe 11 Juni 1956

Kwa mkwe wangu Useni, na kwa binti yangu Waridi, ambaye aondoke mlangoni sasa hivi akale,

Salamu, salamu, na salamu tena. Sisi tu wazima wote. Mama Hawa mzima. Mvua imekata, dagaa ni wengi mpaka paka wamechoka.

Sikuandika kwa sababu nilikasirika, na nilitaka hasira iishe ndipo nishike kalamu. Imechukua muda. Wewe mwenyewe unajua kichwa changu.

Barua yako ilifika nikiwa nimefunga, jua kali. Nikafungua nikatafuta salamu. Nikageuza karatasi nikidhani iko upande wa nyuma. Hakuna! Miaka minne umemwoa binti yangu, hujawahi kuniandikia bila kuniuliza habari za mbuzi. Niliitupa chini. Nikaapa siku ya Idi nitaifungua chupa hiyo kwa mkono huu, nitakata mapipa yote sita, kisha nikuandikie idadi yake.

Halafu nikakaa nikawaza. Huyu kijana, hata akiomba maji kwangu huzunguka maneno mpaka kiu inamwisha. Leo ameacha shikamoo yangu, ameacha ya Mama Hawa, ameacha vyote. Mtu wa namna hiyo akikosa nafasi ya salamu, ni kwamba ameona kitu. Niliiokota barua nikaisoma yote. Nilipofika kwenye viatu vya yule Anatole nilikwenda kunawa mikono, kisha nikarudi nikatazama vidole vyangu. Kwenye kucha bado mlikuwa na wekundu wa mawese.

Chupa nilifanya kama ulivyosema. Wawili, sabuni, kamba, kivuli.

Kazi kubwa ilikuwa Idi. Watu walijaa mpaka barabarani, na kanzu zao mpya. Nikasimama nikawaambia leo moto haupo. Wakaguna. Nikasema, "Mukwe yangu amenikataza." Wee, kicheko! Isidore akasema mbele ya chefu, "Mzee, mutoto mwenye alioa binti yako ndiye anakutawala sasa?" Akaifuata chupa pale kwenye nguzo, anasema, "Kama we unaogopa, mi nafungua mwenyewe." Hayo ndiyo makelele aliyoyasikia baharia wako. Nilichukua nyundo yangu kubwa nikasimama kati yake na ile chupa. Nikamwambia, "Isidore, ukiweka mukono pale, navunja mukono. Utanishukuru kesho." Aliniangalia, akaangalia nyundo, akakumbuka ana safari.

Sikutaka mama wa Lweba warudi mikono mitupu. Tuliosha pipa moja, tukalijaza maji mpaka juu, kifuniko wazi, nikalikata mdomo kwa tindo na nyundo, kama alivyokata baba yangu. Liliniondolea mchana mzima na bega zima. Halikupendeza, lakini mawese ya kwanza yamekwisha kuchemka humo. Matano yaliyobaki yanakungoja wewe. Siku hiyo nitasimama nyuma yako na miwani usoni, na atakayecheka atanikuta.

Sasa neno la mwisho. Wazee wa ukoo walisikia habari ya barua isiyo na salamu, wakakaa Ijumaa kuamua. Walisema mkwe aliyemkataza baba wa mke wake, tena bila kumwamkia, lazima atoe mbuzi dume, na huo ndio utaratibu wetu. Nikasema hukumu ni ya haki, sina la kupinga. Nikaingia kwenye zizi langu nikamtoa dume langu lile jeusi, nikawaambia, "Huyu hapa. Ni ya Useni."

Wakashangaa tangu lini aliyekosewa anamlipia aliyekosa. Nikainua mikono juu. Nikawaambia, "Bazee, hesabuni vidole. Iko kumi. Huyu mutoto alitukana adabu yote ya ukoo juu ya kuokoa hii kumi. Mi najivunia yeye kuliko kitu yote nilifua maisha yangu."

Tulimchinja palepale. Mama Hawa alinikuta nimeshika kipande cha nyama, mkono mmoja unashika, mwingine unakata, nami sili, naitazama tu mikono. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nasikia njaa.

Mkweo,
Assumani