Skola, Fomu Yako Ilifika

Mdogo wangu Skola,

Sijui uko wapi, kwa hiyo nakuandikia waziwazi. Nakala nimezibandika bandarini Kasanga, nyingine nimewapa mabaharia wanaovuka ziwa kwenda Zambia. Yeyote atakayeisoma na anakufahamu, namsihi akusomee.

Unaikumbuka ile Ijumaa? Ulishuka kutoka Malangali kwa miguu, upepo wa kipupwe ukikupiga, picha yako umeifunga kwenye kanga isikunjike. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa duka la intaneti pale mjini Sumbawanga, na nilijiona mjuzi. Udhamini wa masomo ya ukunga ulipokea fomu kwa mtandao tu, na siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Miaka minne ulikuwa umewasaidia wakunga wa zahanati kuchemsha vifaa na kufua mashuka, ukisema siku moja utawapokea watoto wewe mwenyewe.

Tukajaza fomu, tukaweka na picha. Nikabonyeza kutuma. Ukurasa ukawa mweupe, ile alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka. Hakuna jibu, hakuna hata neno la kosa.

“Kaka, imekwenda?”

“Bado.”

“Si tusubiri kidogo?”

“Hapana, hiyo imekwama. Naituma upya.”

Nilituma mara sita, Skola. Katikati nilipanda juu ya bati kugeuza dishi, nikabadilisha waya, nikazima mashine na kuiwasha. Kurasa nyingine zilifunguka vizuri, ila yako tu ndiyo iliyoganda. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza kwa nini. Badala yake nilibonyeza tena. Wewe ulikaa mikono mapajani, hukunilaumu hata kwa macho.

Majina yalipotoka, lako halikuwamo. Ulilisoma lile tangazo mara mbili, kisha ukasema taratibu, “Basi, kaka. Mimi sina kichwa cha shule.” Wiki hiyohiyo ulimuaga mama kuwa unakwenda Kasanga kununua dagaa, hukurudi tena.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu mmoja alikuja na fomu yake ya masomo. Ikaganda vilevile. Safari hii niliogopa kuigusa. Nilikaa nikitazama saa, na kila baada ya dakika mbili kamili mawasiliano yalikatika. Nikafungua kumbukumbu za mashine yetu kubwa, ile inayopitisha mawasiliano ya kompyuta zote za dukani. Kumbe yenyewe ilikuwa imewekewa kusubiri jibu dakika mbili tu, kisha inafunga njia kimyakimya bila kumwambia mtu. Fomu yenye picha, kwa dishi letu lile la kasi ndogo, ilihitaji zaidi ya hapo. Ilikuwa inafika kule iendako, ila jibu lake likirudi linakuta njia imefungwa.

Nikaongeza muda hadi dakika kumi, tukatuma. Dakika ya nne skrini ikaandika: “Tumepokea.” Mwalimu akapiga makofi. Mimi nilirudi kwenye zile kumbukumbu za mashine.

Nikatafuta ile Ijumaa yako. Mistari sita, Skola. Yote sita ilifika. Ile ya kwanza kabisa ilifika.

Nikawaandikia wale wa udhamini. Wakajibu kwa upole kwamba mwombaji aliyetuma zaidi ya fomu moja huondolewa kabla fomu zake hazijasomwa, na kwamba nafasi zimekwishajaa. Niliwaeleza kosa ni langu. Hawakubadili kitu.

Alfajiri yake nilipanda lori la mizigo, tukateremka milima hadi Kasanga. Nilikuulizia kwa kila mwanamke anayeanika dagaa. Mmoja akaniuliza, “Yule binti mrefu, mpole, wa Sumbawanga? Amevuka juzi. Alisema hana cha kurudia.” Nikaketi pale mchangani nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Nimevuka mara mbili kukutafuta. Nimeulizia sokoni, makanisani, hospitalini. Hakuna. Mama nimemweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, “Na yeye anajua?” Tangu hapo ananiuliza swali hilo kila tunapokaa kula. Kazi ya dukani nimeacha.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi hata urudi, ingawa Mungu anajua ninavyolitaka hilo. Ninachokitafuta huku na huko kama mwendawazimu ni dakika moja tu ya kukuambia jambo uliloondoka bila kulijua. Hakuna aliyekupima akakuona hufai. Uliniambia tusubiri, na ulikuwa sahihi. Kichwa unacho, mdogo wangu. Aliyekosa kichwa siku ile ni mimi.

Popote ulipo, usiishi kama mtu aliyeshindwa.

Ni mimi kaka yako,
Oresti